Mtumbwi Chini ya Choo cha Okanya

Uvumi wenyewe ulikuwa mfupi: kule Lwandera watu walikuwa wakichimba choo, wakakuta mtumbwi.

Norah Amulen aliusikia sokoni Busia, ameinama juu ya kikapu cha samaki, na tangu hapo haukumwacha. Aliubeba hadi nyumbani Buteba pamoja na chumvi na mafuta ya taa. Akisonga ugali wa wimbi, uvumi uko kwenye mwiko. Akipiga magoti kusali, umemtangulia kupiga magoti. Na sababu ilikuwepo. Choo hicho hakikuwa cha mtu baki. Kilikuwa cha Osborn Okanya, Mpadhola wa kutoka Rubongi, mume wa binti yake Amongin.

Watu wengine walicheka tu. Mwaka ule ulikuwa wa sitini na moja, jua limewaka mpaka ng'ombe wanalamba udongo, visima vya Nabuyoga vimebaki tope, na akina mama wanaamka kabla ya majogoo kugombea ndoo. Katika ukame kama huo nani azungumze habari za mitumbwi? Lakini walioona waliapa. Ulikuwa chini ya ardhi, kina cha kifua cha mtu mzima, umekaa sawasawa kama mtumbwi uliotua. Kamba yake ya makonge ilikuwa bado imefungwa kwenye nguzo, na nguzo imesimama humo humo udongoni.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Katekista alisema ni mambo ya Nuhu. Askari mmoja mstaafu alisema ni Wajerumani waliuficha wakati wa vita vya kwanza, na dhahabu imo chini yake, chimbeni zaidi. Wengine walisema mtumbwi ardhini ni jeneza la mchawi, ufukieni haraka.

Norah alikuwa amesoma mpaka darasa la nne kwa wamisheni, na darasa la nne lilimfundisha jambo moja, kwamba swali lisilojibiwa huwasha. Jumamosi mumewe Ilukor aliporudi kutoka kiwanda cha saruji Tororo, nyusi nyeupe kwa vumbi kama babu wa miaka mia, hakumpa hata nafasi ya kunawa.

"Baba Amongin, mtu gani anafunga mtumbwi pahali hakuna maji?"

"Yoga na wewe pia," alisema Ilukor. Hiyo ndiyo salamu ya Wateso, na aliitoa taratibu ili kumkumbusha. "Mama Amongin, wewe nauliza choo ya watu kwa nini?"

"Si nauliza choo. Nauliza mtumbwi."

"Mtumbwi iko ndani ya choo. Ni kitu moja."

"Na kamba? Mtu akizika mtumbwi, anaifunga kamba ya nini? Iko naogopa itakimbia?"

Ilukor alifikiri, akatikisa kichwa, vumbi likamwagika. "Maji ya kunawa iko wapi?" akauliza. Kesi ikaishia hapo, kwake yeye.

Sasa, anayetaka kuelewa mambo yaliyofuata ni lazima ajue Lwandera ilikuwa mji wa namna gani. Ilikuwa bandari ya mto, upande wa Uganda, kule chini ambako mto Sio unakaribia ziwa na kupunguza mwendo kama mzee anayekaribia kiti. Zamani, kabla reli haijafika Tororo, pamba ya bara ilishukia pale na chumvi ya visiwani ikapandia pale. Wahindi walikuwa na maghala. Wasoga walikuja na mitumbwi mirefu ya kushonwa, Wajaluo na samaki, Wasamia na majembe. Kisha bandari ikafa. Hakuna aliyejua vizuri kwa nini. Wengine walisema ni ugonjwa wa malale, wengine reli, wengine laana. Maghala yakaanguka, nyasi zikaota, wenyeji wa Kisamia wakahamia mbali kwenye vilima vya mawe, na kwa miaka mingi Lwandera ikawa jina tu.

Halafu, miaka michache kabla ya hadithi hii, watu wakaanza kurudi. Si wale wa zamani. Hawa walikuwa wageni kutoka kila pembe, Wateso, Wapadhola, Wasoga, Wabukusu, waliokuja kwa ajili ya samaki na magendo madogo madogo ya mpakani. Walikuta ardhi tambarare, laini, isiyo na jiwe hata moja, na mahali pa kupitisha barabara pana ajabu. Kisima ulichimba asubuhi, jioni ukanywa maji. Wakajenga. Na kwa kuwa kila mji unataka neno la kujivunia, wakaokota methali moja ya zamani iliyokuwa ikisemwa na majirani, wakaifanya yao. Laban mwenye duka aliiandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wake: MWALO HUHAMA, MWALO HURUDI.

Mwalo, kila mtu wa biashara anajua, ni pale mitumbwi inapotua na samaki wanaposhushwa. Bandari ilihama, sasa bandari imerudi. Neno tamu hilo. Watu walilisema wakipeana mikono.

Amongin naye alilipenda. Alipoolewa huko alimwambia mamaye, "Toto, mji wetu iko na bahati. Hata mutu ya zamani alisema." Kwa Kiteso toto ni mama, na Waswahili wakimsikia msichana mkubwa anamwita mama yake toto walikuwa wakicheka mpaka wanashika mbavu.

Basi Norah alikaa na swali lake kama mtu aliyekaa na mwiba. Akawa anauliza. Alimwuliza dereva wa lori la pamba, akamwuliza karani wa soko, akamwuliza katekista mpaka katekista akaanza kupita njia nyingine. Kila mtu alikuwa na jibu la mtumbwi, lakini hakuna aliyekuwa na jibu la kamba.

Jibu lilikuja siku ambayo hakuuliza.

Ilikuwa siku ya soko Busia. Norah alikwenda kwa Edah, Msamia wa kutoka upande wa Funyula, Kenya, aliyeuza samaki aina ya kamongo, wa kukaushwa. Edah alikuwa rika lake, mnene, mwenye ulimi ambao hata askari wa forodha waliuheshimu. Siku hiyo alifika jua limeshapanda, gauni limeloa hadi magotini.

"Usiniangalie hivyo, dada," alisema Edah akishusha kikapu. "Nimechelewa kwa ajili ya mwalo. Tope tupu. Nimevuka viatu mkononi kama mwanafunzi."

"Mwalo gani?" aliuliza Norah. "Kutoka kwenu mpaka hapa hakuna mwalo."

"Hakuna? Kwa hiyo nimelowa na nini, na umande?"

"Mimi najua hiyo njia, Edah. Hakuna mitumbwi natua huko hata moja."

"Nani ametaja mitumbwi? Nimesema mwalo."

"Ndiyo, mwalo. Pahali ya mitumbwi."

Edah aliweka mikono kiunoni akamtazama kama mtu anayetazama kuku anayekataa kuingia bandani. "Hiyo ni mwalo ya Waganda na Wasoga, na nyinyi mnaofuata nyuma yao. Kwetu sisi Wasamia mwalo ni mto. Mto wenyewe! Maji yanayokwenda. Mto huu wa Sio ni mwalo. Malaba ni mwalo. Sasa utanunua au umekuja kunifundisha lugha ya mama yangu?"

Norah alikuwa ameshika kamongo mkononi. Alimrudisha kikapuni polepole.

"Edah. Ile maneno ya Lwandera. Mwalo huhama, mwalo hurudi. Ni ya nani?"

"Ni yetu. Bibi yangu alizaliwa pale. Mlituibia methali, na hata asante hamjasema."

"Kwa hiyo si bandari nahama."

"Bandari ihame ina miguu? Mto ndio ulihama, dada. Bibi alikuwa msichana. Mvua kubwa ilinyesha, mto ukafoka, ukajikatia njia nyingine kule upande wa mashariki, ukaacha mitumbwi imekaa kwenye tope na kamba zake. Bandari haikuwaacha watu. Mto uliiacha bandari. Wazee wakasema, mto ukiacha kitanda, haujakisahau. Ndiyo wakapanda kule juu kwenye mawe, ambako jembe linalia." Aliinua kamongo akampulizia vumbi. "Huyu hapa anajua. Jua likiwaka anajizika kwenye udongo, anajifungia, analala, kwa sababu anajua maji yatarudi. Binadamu yeye analala tu. Haya, unanunua?"

Norah alinunua, ingawa hakukumbuka baadaye alinunua wangapi. Njiani alikuwa akiona kitu kimoja tu: mtumbwi umetulia mahali pake, kamba imefungwa ukingoni. Mtu aliyeufunga hakuwa mchawi wala Mjerumani. Alikuwa mvuvi wa kawaida, aliyeufunga mahali panapofungwa mitumbwi siku zote, akaenda zake kulala. Na juu ya mahali hapo sasa palikuwa na nyumba, na ndani ya nyumba palikuwa na Amongin, na mgongoni mwa Amongin palikuwa na mtoto Ikiring, ambaye hata kukaa alikuwa bado hajakaa vizuri.

Mvua ikaanza juma hilo hilo. Watu walitoka nje wakacheza. Wanawake walipiga vigelegele, sufuria na mabeseni yakawekwa uani, Ilukor akasimama kwenye mvua mpaka nyusi zake zikarudi kuwa nyeusi. Ilinyesha, ikanyesha. Vigelegele vikakoma. Ikanyesha.

Norah alimtuma mtu wa baiskeli, mmoja wa wale wanaobeba watu mpakani, apeleke maneno Lwandera: wahame, nyumba iko ndani ya mto. Mtu wa baiskeli alirudi kesho yake, matope mpaka masikioni, na jibu la Okanya. "Anasema hivi: mwambie mama mkwe namheshimu sana. Mto iko kule, sisi iko huku, katikati iko shamba ya mihogo. Anasema pia asante kwa samaki."

Norah hakuwa ametuma samaki. Hapo ndipo alipojua kwamba hata ujumbe wenyewe haukufika salama. Akachukua mwavuli.

Ilukor alisimama mlangoni. "Utakwenda kusimama wapi? Kwa nyumba ya mkwe huingii."

"Nitasimama nje."

"Mvua hii?"

"Kwani nje ya wapi haina mvua?"

Na kweli hapo palikuwa na shida. Kwa Wateso kama kwa Wapadhola, mama aliyezaa binti haingii nyumba ya mkwewe. Wakikutana njiani mmoja anapita kichakani. Wakizungumza, wanazungumza kwa kuelekeza uso pengine, au kupitia mtu, au kupitia mti. Na kulala humo, hilo hata halitajwi. Mama mkwe akilala katika nyumba, mwenye nyumba halali humo tena mpaka wazee waje waitakase, na kitanda chenyewe hakitumiki tena. Norah alikuwa hajawahi kuuona hata mlango wa ndani wa nyumba ya mwanawe.

Alifika Lwandera adhuhuri, mvua imepumzika kidogo. Kabla ya kwenda kwa Amongin alisimama kwanza barabarani akatazama. Alikuwa amepita hapo mara moja tu, wakati wa kuleta zawadi za harusi, na siku hiyo alitazama watu. Sasa alitazama ardhi. Barabara ilikuwa pana kuliko ya Tororo. Ilikuja kutoka juu, ikapinda taratibu kushoto, ikapinda tena kulia, na nyumba zimepangwa pande zote mbili kama watu waliokaa ukingoni. Watoto walikuwa wakicheza bao kwa makombe ya konokono wa majini.

Laban mwenye duka alikuwa ameketi nje, chini ya maandishi yake mekundu, juu ya mtumbwi. Ndio wenyewe. Aliuomba kwa Okanya akaufanya benchi.

"Karibu mama, keti kwa historia!" alisema Laban akipigapiga ubao. Alikuwa Mbukusu mcheshi, mwenye jino la dhahabu. "Hii iko na miaka kuliko Gavana."

"Asante, nitasimama. Barabara hii nani alipima?"

"Hakuna aliyepima. Tuliikuta hivi hivi, mama. Pana, laini, kama imetandikwa na Mungu."

"Na mbona inapinda?"

"Barabara si lazima inyooke."

"Na zile konokono?"

Laban alicheka. "Mama wewe ni polisi? Konokono ni konokono. Ukichimba popote hapa unawapata."

"Baba," alisema Norah, na alisema kwa adabu, kwa sababu mtu hamwambii mwenye duka mambo kama hayo bila adabu, "hii si barabara. Hii ni mto ambao hauko nyumbani. Na hayo maneno juu ya mlango si ya bahati. Wasamia wanaita mto mwalo. Wamesema mto hurudi."

Laban aligeuka akasoma mlango wake kama mara ya kwanza. Uso wake ulibadilika kidogo, kidogo tu. Kisha akasema, "Wasamia! Wangekuwa na akili wangebaki hapa penye rutuba, wasingekwenda kulima mawe." Na waliokuwa dukani wakacheka, naye akafurahi kwamba wamecheka.

Amongin alimkuta mamaye amesimama nyuma ya ua wa mibono, mwavuli umefungwa.

"Toto! Kwa nini nasimama kama mwizi?"

"Chukua mtoto, chukua nguo, panda kule juu kwa kanisa. Leo."

"Ni ile maneno ya mtu ya baiskeli? Toto, mimi nimecheka mpaka maziwa imekatika."

"Cheka ukiwa juu."

Akamweleza yote, kamba, nguzo, Edah, mwalo. Amongin alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza kicheko kilipungua. Alitazama shimo la choo, ambalo sasa lilikuwa limejaa maji mpaka ukingoni, ingawa hakuna mtu aliyeyatia. Akabadilisha mtoto bega.

"Mimi nakwenda sasa hivi. Lakini Okanya? Nitamwambia nini? Hii nyumba alifyatua matofali yake na mikono. Nikisema tuhame kwa sababu ya neno moja ya Kisamia, atasema mama yako amelogwa na kamongo. Na mimi nikienda, yeye nabaki hapa kulinda. Hata serikali ikuje na bunduki, Okanya hawezi kutoka."

"Hata serikali," alisema Norah.

"Hata serikali."

Norah alitazama mlango. Ulikuwa mlango mzuri, wa mvule, Okanya aliununua Tororo akaubeba kichwani kutoka kwenye lori. Moyo wake ulipiga kama wa msichana anayetaka kuiba sukari. Aliwaza juu ya mama yake aliyekufa bila kuvunja mwiko hata mmoja. Aliwaza pia juu ya mtoto Ikiring. Halafu akavua viatu, akaviweka sawa ukutani kama mgeni mwenye adabu, akaingia.

"Toto! Toto, hapana! Toto!"

Ndani palikuwa pasafi. Hilo ndilo aliloliona kwanza, na likamgusa. Vikombe vimening'inizwa kwenye misumari kwa kufuata ukubwa. Kitambaa alichofuma yeye mwenyewe kilikuwa juu ya redio. Hakujua walikuwa na redio. Alisimama akatazama kila kitu polepole, kwa sababu alijua hataona tena. Kisha akapita kwenye pazia, akapanda kitanda cha mkwewe, akajifunika blanketi la mkwewe mpaka kidevuni, akafumba macho.

Uani Amongin alitoa sauti kama mtu aliyemwagikiwa uji wa moto.

Okanya alirudi jioni akisukuma baiskeli yenye magunia ya samaki. Majirani walikuwa wamejaa uani kama matanga, na wa kwanza kumwona alimwambia mama mkwe amefika.

"Mama mkwe iko wapi?" aliuliza akigeuza uso kwa heshima.

"Ndani," alisema Amongin.

"Ndani ya wapi?"

"Kwa kitanda."

"Kitanda gani?"

"Okanya, kwani sisi iko na vitanda ngapi?"

Okanya aliachia baiskeli, ikaanguka, samaki wakatawanyika matopeni. Alikizunguka kihenge, ghala la nafaka lililokuwa uani, mara mbili. Mwishowe alisimama akaipa nyumba mgongo, akaongea na kihenge kwa sauti kubwa ili maneno yafike kunakotakiwa.

"Wewe kihenge! Mimi nimekosa nini? Mahari nilimaliza! Ng'ombe ya mwisho ilikuwa na mimba! Kwa nini wananifanyia hivi?"

Sauti ya Norah ilitoka dirishani, tulivu. "Kihenge, mwambie mkwe wangu hakukosa kitu. Mimi ni mgonjwa wa wasiwasi. Nitalala hapa."

"Kihenge, mwambie akilala, mimi silali hapa tena!"

"Kihenge, mwambie hilo ndilo nataka."

Norah alilala humo mpaka asubuhi, ingawa kulala kwenyewe hakukuwepo. Okanya, mkewe na mtoto walilala kule juu, katika darasa la kanisa, juu ya madawati. Asubuhi Okanya akashusha mabati, akang'oa mlango wa mvule, akabeba redio, cherehani na chumvi yote, akivihamisha kwa hasira huku akisema atapeleka kesi kwa wazee wa Rubongi, na lazima kondoo jike wa utakaso atolewe. Mji mzima ulikuja kumtazama. Laban ndiye aliyecheka zaidi. "Umefukuzwa kwako na bibi! Bwana, hata Mwingereza tunamfukuza na makaratasi, wewe umefukuzwa na blanketi!"

Norah hakungoja. Alipanda kule juu akakaa na Amongin, mahali ambapo Okanya hangelazimika kumwona.

Mvua ilinyesha siku nyingine, na nyingine. Siku ya soko, asubuhi ya mawingu, watu wamejaa barabarani, ikasikika ngurumo. Walidhani ni lori la pamba. Wakasogea pembeni kulipisha. Wote walikuwa wakitazama upande wa mashariki, kule kwenye mihogo, ambako mto ulikuwa umekaa miaka yote. Wale waliokuwa na hofu walikuwa wameweka walinzi huko huko. Maji hayakutoka huko. Yalitoka juu, mwanzo wa barabara, yakashuka na barabara. Yakapinda kushoto barabara ilipopinda kushoto. Yakapinda kulia ilipopinda kulia. Hayakuuliza njia.

Kutoka juu kanisani Norah aliona paa la duka la Laban likigeuka kama kofia. Watu wengi waliwahi kupanda, kwa kuwa ilikuwa mchana na kila mtu macho wazi. Laban pia alipanda. Alikuwa ameshafika nusu ya kilima, salama, akihema, aliposema, "Mzani wangu," akageuka. Wakampigia kelele. Alipunga mkono, kama kusema narudi sasa hivi.

Walimkuta baadaye kwenye mafunjo karibu na ziwa. Mtumbwi haukuonekana tena. Wapo wanaosema waliuona ukipita katikati ya barabara, peke yake, umenyooka, unakwenda. Norah hakuuona, kwa hiyo hakusema.

Mahali pa nyumba ya Okanya sasa ni kilindi. Watoto wa Kisamia wanavulia samaki wa mumi pale.

Kesi ya Rubongi ilisikilizwa, maana mila ni mila. Wazee walikuna vichwa. Nyumba iliyotiwa unajisi iko wapi? Imekwenda na maji. Kitanda? Kimekwenda na maji. Mmoja akasema mto umeshatakasa, mwingine akasema mto si mzee wa ukoo. Waliachana bila hukumu.

Mwezi uliofuata Okanya alifika Buteba na kondoo jike. Hakuingia. Alisimama nyuma ya nyumba ya Norah, akaupa ukuta uso.

"Ukuta, mwambie mama mkwe huyu kondoo yeye ndiye alitakiwa kutoa. Mimi nimeleta. Mwambie pia mtoto ameanza kukaa."

Ndani Norah aliweka chini ungo aliokuwa akipepetea.

"Ukuta, mwambie mkwe wangu asante. Muulize anajenga wapi."

"Ukuta, mwambie juu kwa mawe. Jembe nalia kweli. Mlango ni ile ile." Okanya alikohoa. "Na mwambie asiingie."

"Ukuta, mwambie akijenga vizuri, sina haja."

Basi ninyi mnaohamia penye wageni wenzenu, mkaona ardhi nzuri isiyo na mwenyewe, mambo ya kuepuka ni haya:

Usijenge mahali palipoachwa kabla hujamwuliza aliyepaacha.

Ukichimba ukakuta kitu cha majini, usiendelee kuchimba.

Usiandike ukutani methali ya jirani kabla hajakuambia maana yake katika lugha yake.

Usisifu barabara ambayo hakuna mtu aliyeipima.

Neno la kuokoa mtoto usimpe mtu wa baiskeli. Lipeleke mwenyewe.

Usiingie nyumba ya mkweo bila sababu kubwa kama mto.

Maji yakija, usirudi kuchukua kitu. Mzani, cherehani, kuku, hata kiatu. Usirudi.